Mbwa wa bandani akija kwa mbwa mwenyeji, anza kwa kuziba waya

Katika miji mingi ya Kenya, mbwa anapochukuliwa kituoni KSPCA, shirika la kutunza wanyama, au anapostaafu kwenye kazi ya ulinzi, mambo huenda hivi: anashushwa garini, anafungiwa bandani, na mbwa wa nyumbani anaachwa azunguke banda hilo mchana kutwa ili "wazoeane". Hawazoeani. Mbwa wawili wakiachiwa nafasi husogeleana kwa kupinda, hunusana nyuma, kisha mmoja hujiondokea. Waya hauruhusu hata kimoja kati ya hayo. Wanatazamana uso kwa uso, hakuna anayeweza kumfikia mwenzake wala kumkimbia, na baada ya siku tatu za kubwekeana wameshafundishana uadui. Mbwa aliyetoka kituoni ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu huenda ameishi miezi mingi akiwa na majirani wanaombwekea kupitia waya kama huo.

Kwa hiyo kabla hajafika, ziba banda. Pande zote zinazoonekana na mwenyeji zifunikwe kuanzia chini hadi mita 1.5, na juu pabaki wazi pa kupitisha hewa. Mabati yanafaa upande wa kivuli; upande wa jua tumia gunia au turubai, maana mabati ya saa saba mchana yatamchoma aliyemo ndani. Kama huna banda la pili, stoo yenye dirisha inatosha.

Methali inampa mgeni siku mbili kabla ya jembe. Mgeni huyu mpe 14. Dalili za parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, kwa kawaida huonekana ndani ya siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, lakini zinaweza kuchelewa hadi wiki mbili, na kikohozi cha bandani vilevile. Mhudumie mwenyeji kwanza, mgeni baadaye, kila mmoja na bakuli lake, kisha nawa mikono na uoshe gambuti. Sakafu ya mgeni ioshwe kwa sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 30 za maji, iachwe na majimaji dakika 10. Zoa kinyesi na usugue kwa sabuni kwanza, kwa sababu jiki ikikuta uchafu nguvu yake huishia hapo. Dawa ya minyoo apewe siku ya kufika na irudiwe baada ya wiki 2. Kupe watafute ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, halafu kagua nyufa za banda, kwani kupe wa kahawia wa mbwa hutagia mayai humo na atarudi hata ukimwogesha mbwa kila Jumamosi.

Chanjo za mwenyeji zikamilike kabla ya yote haya. Ile ya kichaa cha mbwa usiibahatishe: ugonjwa huo unaweza kujificha wiki kadhaa hadi miezi, hivyo siku 14 hazikuonyeshi lolote. Dai cheti cha chanjo cha mgeni. Kama hakipo, achanjwe na daktari wa mifugo na uhesabu wiki 4 ndipo umwone kama amekingika.

Wengi hushauri matandiko yabadilishwe tangu siku ya kwanza ili kila mmoja aijue harufu ya mwenzake. Wazo ni zuri, wakati ndio mbaya, kwa sababu gunia hilo litabeba kupe na parvo pia. Subiri hizo siku 14 zipite, kisha badilisha magunia kwa siku 3 kabla hawajaonana.

Kuhusu jinsia, dume na jike hupatana kwa urahisi zaidi. Majike wawili wa boma moja wakianza kuchukiana, ugomvi wao huwa mkali na haurekebishiki kirahisi, kwa hiyo kama una jike mkorofi usilete jike mwingine kwa huruma tu. Jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume, asikutanishwe na yeyote hadi wiki 3 hivi zipite. Dume aliyehasiwa juzi bado ana homoni za dume na anaweza kumpanda jike kwa wiki kadhaa.

Mkutano wa kwanza ufanyike nje ya boma, mahali ambapo hakuna mwenyewe: uwanja au njia ya shambani isiyo na mbwa koko, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya jua kali. Watu wawili, kamba mbili za mita 2. Anzeni mkiwa mbali kwa mita 15, mkielekea upande mmoja, watu wakiwa katikati na mbwa pembeni. Wakitembea bila kukazana macho, punguzeni hadi 10, kisha 5, kisha 2. Wapo wanaofika hapo kwa nusu saa, na wapo wanaohitaji asubuhi tano. Usione haya kurudi mita 10. Kamba ilegee muda wote. Ukiivuta, kifua cha mbwa kinainuka na kichwa kinapanda, na mwenzake anausoma mkao huo kama changamoto, ilhali ni wewe uliyeuleta. Mnyororo wa kukaba shingo uache nyumbani kabisa.

Wakifika karibu, waache wanusane kwa hesabu ya tatu, kisha sema "twende" na mwendelee. Mwili uliolegea, mkia unaoyumba na nyonga zote, au miguu ya mbele kuinama huku matako yakiwa juu, ni habari njema. Kupiga miayo, kulamba pua na kugeuza kichwa ni kuomba nafasi; mpe. Mwili ukikakamaa, mdomo ukafumba na macho yakaganda, ondoka kwa kupinda bila kelele. Manyoya ya mgongoni yakisimama peke yake yanaonyesha msisimko tu, si lazima iwe hasira.

Mkirudi, mgeni aingie kwanza, azunguke boma, ndipo mwenyeji afuate. Ukimtanguliza mwenyeji atasimama langoni kulinda. Mifupa, mabakuli na magunia yote yawe yameondolewa. Kamba ziburuzwe chini, na baada ya dakika 15 watengane wakiwa bado wametulia.

Chakula ndicho huanzisha vita vingi. Aliyekula kwa kugombea kituoni atalinda hata sufuria tupu ya ugali na omena. Kila mmoja ale nyuma ya mlango wake, na mifupa ipotee bomani kwa miezi kadhaa. Lango nalo ni hatari: pikipiki ikipita wote hukimbilia hapo, hasira inakosa pa kwenda, na mmoja anamgeukia mwenzake. Ziba uwazi wa chini ya lango. Usimguse mgeni akiwa usingizini, mwite kwanza. Na akijisaidia kwenye saruji asichapwe, maana ndiyo sakafu aliyofundishwa. Mpeleke kwenye nyasi kila akiamka na kila akimaliza kula.

Wakipigana, mkono wako usiingie katikati. Ndoo ya maji usoni, blanketi zito, au ubao wa kuwatenganisha. Kisha wakae mbalimbali siku 2 au 3 na daktari awaone siku hiyohiyo, kwani tundu dogo la jino huziba juu na usaha hujitokeza baadaye. Ukiumwa wewe, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda hospitali hata kama mbwa wote wamechanjwa.

Kuwafungulia wote usiku, kama desturi ya maboma mengi, kungoje hadi wamekaa pamoja mchana wiki 2 mfululizo bila hata muungurumo wa chakula. Usiku huo wa kwanza, mlango wa banda la mgeni uachwe wazi na kufungwa kwa kamba usijifunge na upepo, ili akibanwa awe na pa kukimbilia.