Re: Gesi ya dampo inaweza kuiingizia halmashauri hela?

Mkuu ulouliza kama jiji letu la Tanga linaweza kupiga hela kwa gesi ya dampo, inawezekana ila sio kirahisi hivyo. Taka zikifukiwa zinaoza zinatoa gesi, karibu nusu yake methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kabondayoksaidi, kwahiyo unachimba visima unaivuta kwa mabomba unaichoma au unazungushia jenereta, halafu zile tani za gesi ulizozuia zisiende hewani ndo unauza kama hati za kaboni, kwa kampuni au nchi zinazotaka kufidia uchafuzi wao. Durban kule Afrika Kusini walifanya kwenye dampo lao la Bisasar Road wakauza umeme na hati za kaboni, hata Dar dampo la Mtoni lilisajiliwa 2007 kwenye mpango wa UN wa kuuza hati hizo (CDM). Ila bei ya kaboni haitabiriki na taka zetu sio nyingi kihivyo, mi ningeanza na mboji, maganda ya machungwa ya Muheza yamejaa sokoni bure! Na mradi wa gesi ukija, madiwani wausome mkataba wake kabla ya kusaini, gawio la halmashauri liandikwe humo.