Dada wa Iringa ana uso

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, tamthilia zetu za televisheni zinawaonyesha vizuri watu wa mikoani?" Najua mlitaka jibu la mistari mitatu. Langu litazidi, mnisamehe. Mimi ni mtu wa Mafinga, nina saluni yenye televisheni ukutani, na inawaka tangu asubuhi huku nasuka. Wateja wangu wengi wamewahi kufanya kazi za ndani Dar es Salaam. Swali lenu limenigusa penye kidonda.

Wengi watawajibu kuhusu hadithi: kwamba kila dada wa kazi kwenye tamthilia katokea Iringa, kila mganga katokea Sumbawanga, na kila mshamba kashuka basi jana. Ni kweli, na yameshasemwa hadi yamechuja. Mimi na hadithi hatugombani sana. Siku hizi hadithi nyingi zinamwonea huruma dada wa kazi: mama mwenye nyumba anamnyanyasa, baba mwenye nyumba anamnyemelea, mwisho wa siku haki inapatikana. Ugomvi wangu ni na kamera. Maneno yanamhurumia dada, picha inamdharau, tena ndani ya onyesho lilelile.

Mtazameni anavyoingia sebuleni. Kinachotangulia ni mikono, sinia na glasi za juisi. Kichwa kimebaki nje ya picha. Anainama, anaweka, anatoka, na sisi tumeambulia kitenge na mgongo. Akigombezwa ndiyo kabisa. Mama mwenye nyumba anapofoka, uso wake umejaa kioo chote. Zamu ya dada ikifika tunaisikia sauti tu, kwa ile lafudhi ya kuchekesha ambayo hakuna Mhehe wala Mbena aliyewahi kuzaliwa nayo, na "kamwene", salamu ya kwetu, iliyochomekwa kwa nguvu, huku kamera bado imemng'ang'ania mama mwenye nyumba na kope zake za kubandika. Anayeumia ni mmoja, anayetazamwa ni mwingine. Akipiga deki, kamera iko juu ya ngazi inamchungulia utosini. Bosi akiingia mlangoni, kamera imeshuka hadi sakafuni, bwana mkubwa anaonekana ana urefu ambao mtaani hana. Mtu akipigwa picha kutoka juu hunywea, akipigwa kutoka chini huongezeka. Ni ufundi wa kawaida, kila mwongozaji anaujua, kwa hiyo nisiambiwe ni bahati mbaya.

Na huku kwetu je? Dar inafunguliwa kwa droni: Daraja la Tanzanite, bahari, magari yanayong'aa. Iringa inafunguliwa kwa kuku. Kuku, ukuta wa udongo, na filimbi ya majonzi. Sijaona bado droni ikipandishwa juu ya jiwe la Gangilonga mji wa Iringa ukiwa chini yake, au juu ya misitu ya Sao Hill ambayo ukiikuta ndiyo unajua umefika kwetu.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niwe na macho haya. Miaka kadhaa iliyopita kikundi kutoka Dar, jina naliacha, kilikuja kurekodi kwa mama mkubwa wangu, kijiji kimoja Mufindi upande wa mashamba ya chai. Walitaka nyumba ya mama wa kijijini anayemruhusu bintiye aende mjini kufanya kazi za ndani. Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Mufindi ya mwezi wa saba hahitaji maelezo: asubuhi nyasi ni nyeupe kwa sakitu, na ukungu huondoka unapotaka wenyewe.

Walianza kwa kuukataa huo ukungu. Unaharibu picha, walisema, wakajifungia ndani ya Coaster kusubiri jua. Mimi nikajiuliza, mtu anasafiri kutoka Dar, anapanda mlima wa Kitonga, anafika Mufindi, halafu anasubiri Mufindi iondoke ndipo aipige picha! Jua lilipotoka wakaitazama nyumba: matofali ya kuchoma, bati, paneli ya sola, mapazia ya maua dirishani. Mwongozaji akasonya. Mapazia yakashushwa. Paneli ikafunikwa gunia. Viti vya plastiki vikafichwa kwa jirani, kikaletwa kigoda. Mama mkubwa akakalishwa uani, yule mwongozaji akainama mbele yake kwa adabu zote:

"Mama, samahani, hilo sweta tunaomba ulivue. Na viatu."

"Mwanangu, mwezi huu wa saba?"

"Dakika tano tu, mama."

Dakika tano za watu wa picha mnazijua. Alikaa na kanga mabegani, miguu peku kwenye udongo wa baridi, na wakarudia na kurudia. Akaanza kutetemeka. Wenyewe wakafurahi, kwa sababu kwenye kioo chao kile kidogo mtetemeko ule ulionekana ni uchungu wa mama anayeagana na mwanawe. Kamera ilikuwa imesimama wima kwenye stendi, inamtazama kutoka juu. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika sweta, nimefura.

Kisha wakaingia jikoni. Jiko la mama mkubwa ni la nje, paa lake la chini, na mpiga picha alikuwa kijana mrefu. Alijigonga kichwa kwenye boriti, akajaribu kusimamisha stendi, ikagoma. Akakaa kwenye kigoda cha pili, kamera mapajani, akawa sawasawa na macho ya mama mkubwa. Mle ndani giza, moshi. Akaniomba shuka jeupe. Nikasimama nalo mlangoni kwenye jua, akawa ananielekeza niligeuze kidogo kidogo hadi mwanga ulipoingia na kutua usoni kwa mama. Akanieleza huku anapima: uso mweusi kama huu na wa yule mwigizaji aliyepakwa poda nyeupe haviwi na kipimo kimoja. Ukiipima kamera kwa mwenye poda, huyu anazama gizani, unabaki na meno na macho. Ukiipima kwa huyu, mwenye poda anaungua. Kwenye tamthilia, akasema, mara nyingi kipimo anapewa nyota, wengine watajiju.

Baadaye nimesoma kwamba jambo hili lina historia ndefu. Zamani za filamu za mkanda, maabara zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, wakiziita kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Mimi ninayeuza poda na kupaka watu vipodozi nililielewa hilo mara moja.

Basi mama mkubwa alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na yule kijana hakukata. Hakumwambia afanye huzuni wala alie. Mama akachambua, akatupa mawe, akainua uso akatazama mlangoni, akarudi kwenye ungo.

Tamthilia ilipoonyeshwa tuliitazama hapa saluni. Onyesho la uani lilikuwa kama nilivyohofia, filimbi na yote. Lakini la jikoni! Hapakuwa na muziki. Uso ulijaa kioo, kila mkunjo umesomeka, weusi wake umetulia, haukuzama wala haukufubaa. Mteja mmoja ambaye hakujua ni ndugu yangu akasema, "Huyu mama ana cheo." Na hakuwa na neno hata moja la kusema katika tamthilia nzima.

Nilikuwa bado na hasira ya sweta, nikampelekea mama mkubwa, nikitarajia tutalaumu pamoja. Akanicheka. "Wewe ulidhani nilikuwa naigiza nini? Naigiza maskini. Ningevaa sweta ningekuwa mimi."

Nilipoanza kuandika, "hapana" yangu ilikuwa tayari mdomoni. Hapa nilipofika imelegea. Mama mkubwa alijua kazi aliyopewa kuliko mimi niliyekuwa namkasirikia. Na umaskini upo, sisemi ufichwe. Wala sitaki kila dada wa kazi apigwe picha kutoka chini kama waziri anayezindua mradi, maana huo nao utakuwa uongo. Yule kijana aliniambia pia wanavyobanwa: kamera ni moja, maonyesho ya siku ni mengi, na kumgeukia dada sebuleni ili aonekane anavyojibu ni kupanga taa upya wakati mwenye nyumba waliyoikodi ameshaanza kuulizia funguo zake. Naelewa. Jikoni kwa mama mkubwa haikuwa heshima iliyomkalisha yule kijana kwenye kigoda, ilikuwa boriti. Lakini alipokaa, alijua la kufanya, kwa hiyo ujuzi wanao.

Kwa hiyo niandikieni "ndiyo", ya shingo upande, kwa ajili ya mama wa jikoni na kila mzee wa kijijini aliyepata mpiga picha wa namna ile. Mtoeni humo binti yake. Katika tamthilia hiyohiyo alipanda basi, akashuka Dar, akapokelewa kwenye nyumba ya ghorofa, na tangu hapo nikawa naona sinia. Yule mwigizaji leo akiingia saluni kwangu kusuka, simjui. Kwake yeye jibu langu bado ni hapana.