Antivairasi ya bure: usiweke mbili

Ndugu, nimekuelewa: kompyuta ya nyumbani ina Windows 10, watoto wanaichezea, flashi ukiichomeka mafolda yanageuka shotikati (vialama vya njia ya mkato), na unauliza kama uweke antivairasi mbili za bure kwa mpigo.

Mbili usiweke. Zitagombana na mashine itakuwa nzito kama imebeba zege. Anza na Defender, antivairasi ya Microsoft iliyomo tayari ndani ya Windows. Iwashe, isasishe, ikague mashine nzima, kisha flashi. Ukitaka jicho la pili, Malwarebytes ya bure inatosha, maana hukagua pale tu unapoiagiza. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe.

Hizo shotikati usizibofye. Mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa tu: ruhusu Windows ionyeshe yaliyofichwa, pamoja na ya mfumo, utayaona. Mimi virusi hivyo nilivibeba kutoka duka la kuprinti, nikaifomati flashi kwa hasira. Picha za harusi ya dada zikaenda na maji. Wewe nakili kwanza picha na hati zako, ndipo ufomati.

Halafu, Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikikubali, hamia Windows 11. Na kama ni Windows ya kukraki (ya wizi, isiyo na leseni), hapo mwizi umemkabidhi ufunguo.

Ukikuta mafaili hayafunguki na kuna ujumbe wa kudai pesa, kata intaneti, usilipe, mpelekee fundi unayemwamini. Nywila za benki zibadilishe kwa kifaa kingine.