Muulize Bibi wa Mbuyuni: Mjukuu anazaliwa Tarneit, huko ni mjini au shamba?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu na mkewe wamenunua nyumba Tarneit, pembezoni mwa jiji la Melbourne, Australia. Mkwe anajifungua mwezi wa saba, nao wananiita nikamlee mzazi. Shoga yangu hapa, ambaye mwanawe yuko Sydney, anasema Tarneit ni shamba tu na vijana wangu wamekimbilia huko baada ya kushindwa maisha ya mjini. Mwanangu anasema pametulia. Nimsadiki nani? Na yeye akienda kazini, mzazi amelala, mimi nitaongea na nani?
Bibi Mtarajiwa, Kiboriloni, Moshi

JIBU: Marahaba, na hongera mapema. Shoga yako mkumbushe kwamba kutoka Sydney hadi Melbourne ni karibu kilomita 900 kwa barabara. Anachokijua kuhusu Tarneit amekiokota njiani.

Mimi kabla ya kuandika ukurasa huu niliuza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi, na nilikwenda Tarneit kwa shughuli hiyo hiyo unayoitiwa wewe, binti yangu alipojifungua. Ni kama kilomita 25 magharibi ya katikati ya Melbourne, sawa na mtu afanye kazi Arusha mjini alale Usa River. Zamani kweli palikuwa mashamba na malisho, lakini sensa ya mwaka 2021 ilikuta watu zaidi ya 56,000. Nyumba za karibu na jiji bei zake hazishikiki, kwa hiyo wenye watoto wadogo wanasogea nje wapate vyumba vya kutosha na kauwanja ka nyuma. Huko si kushindwa maisha.

Ardhi yake ni tambarare, upepo unapita bila kuzuiwa na kitu. Siku ya anga safi utaonyeshwa vilima vya You Yangs, upande wa Geelong. Sisi wa Moshi tukionyeshwa tunaitikia kwa adabu, basi.

Mtaani nyumba ni za tofali, nyingi za chini, na mlango wa gereji ndio unaokutazama barabarani. Mbele hakuna ukuta wala geti, ni majani hadi ukingo wa barabara. Uzio uko nyuma, wa mabati ya rangi, mrefu kuliko mtu, kwa hiyo jirani utamsikia akipiga chafya na usimjue sura. Asubuhi mlango wa gereji unapanda wenyewe, gari linatoka, mlango unashuka. Ikifika saa nne huoni mtu. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nasimama dirishani kusubiri gari la taka, angalau nione binadamu mwenzangu, nalo lenyewe linanyanyua mapipa kwa mkono wa chuma, dereva hashuki.

Baridi utaiweza. Mwezi wa saba kule ni kipupwe, alfajiri inashuka hadi nyuzi 6 au 7, lakini ndani kuna hita, na sisi mwezi wa saba tunaujua. Kitakachokubana ni miguu. Mitaa ile imepangwa kwa mtu mwenye gari: hakuna bodaboda, hakuna Hiace, na genge la nyanya pembeni ya nyumba hakuna. Kabla tiketi haijakatwa muulize mwanao: kutoka mlangoni hadi kituo cha basi ni dakika ngapi kwa miguu? Na dukani? Asikujibu kwa dakika za gari. Wanapenda sana kujibu kwa dakika za gari.

Jumamosi ya kwanza akupeleke stesheni kwa basi na akurudishe kwa basi, gari libaki nyumbani. Akununulie myki, ndiyo kadi ya nauli, unaigusisha kwenye mashine unapopanda. Basi linafuata ratiba, halisubiri kujaa, na usipopunga mkono dereva anakupita ukiwa umesimama pale pale kituoni. Stesheni ya Tarneit ilifunguliwa mwaka 2015. Treni zake ni za dizeli, zile zinazotoka Geelong, na zinakufikisha Southern Cross katikati ya jiji kwa kama nusu saa. Asubuhi watu wanasimama hadi mlangoni, kwa hiyo wewe subiri wafanyakazi wapite. Ukishajua njia hiyo hutamngoja mtu hadi jioni ndipo uone dunia.

Watu wa kuongea nao wapo, ila hawako majumbani. Tarneit imejaa Wahindi wa Punjabi, wale wenye vilemba tunaowaita Kalasinga, na wengi wameleta wazazi wao kulea wajukuu kama wewe. Jua likipungua makali wazee hao hutoka, wanakaa kwenye bustani yenye bembea. Nenda na kigari cha mtoto. Mimi nilipata bibi mmoja mwenye mtandio wa kijani, hana Kiingereza, na changu mimi ni cha kuombea maji. Alijigusa ufizi akanyoosha vidole viwili: wake ameota meno mawili. Nikamwonyesha ngumi, wangu hana hata moja. Akacheka mpaka akashika benchi. Tangu hapo tukawa tunawekeana nafasi.

Sasa mtori, ile supu ya ndizi ya mzazi, maana najua ndilo linalokukosesha usingizi. Supamaketi utakuta ndizi za Queensland, njano, zimelingana kama zimepimwa kwa rula. Hizo ni za kula mbivu. Nenda maduka ya Wahindi, kuna mbichi za kupika. Si mshare, usijidanganye, na hazilainiki upesi. Zichemshe na mifupa hadi zikubali kijiko, uziponde zikiwa za moto. Zikipoa zinakaza na mtori unakuwa na madonge. Binti yangu alikunywa bakuli mbili bila kuuliza ndizi zimetoka wapi. Unga mweupe wa ugali utafute kwenye maduka ya Waafrika, Footscray au Sunshine, na treni hiyo hiyo inapita huko.

Kama Babu anabaki Kiboriloni, mwambie asipige simu saa mbili usiku kama alivyozoea, wenzake watakuwa saa tisa ya usiku wa manane. Apige saa nne asubuhi: kule itakuwa saa kumi na moja jioni. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi hadi Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nne wanasogeza saa mbele, hapo itakuwa saa kumi na mbili.

SWALI: Bibi shikamoo. Mama anakwenda kwa kaka Melbourne. Kaka ameagiza ndizi mshare, nyama iliyokaushwa, dagaa, mbegu za mnafu na kigoda cha mti. Tufunge vipi visionekane?
Mdogo Mtu, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba. Visionekane na nani, na uwanja wa ndege una mbwa wa kunusa mabegi? Ndizi, nyama na mbegu viache Arusha. Dagaa na kigoda aviandike kwenye fomu ya kuingilia nchini, mkaguzi aamue; kigoda kiwe kisafi, kisiwe na tundu hata moja la mdudu. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa kinachukuliwa, yameisha. Ukificha unapigwa faini hapo hapo, na mgeni anaweza hata kufutiwa viza. Kaka yako hilo analijua vizuri, ndiyo maana ameagiza kupitia mama.

SWALI: Nakwenda kusoma Melbourne. Binamu amenitafutia chumba Tarneit kwa kuwa kodi ni nafuu kuliko mjini. Je, nitadaiwa kodi ya miezi sita kama huku, na ya dalali juu?
Mwanafunzi, Njiro, Arusha

JIBU: Hapana, mwanangu. Kule bei hutajwa kwa wiki, kwa hiyo usishangilie ukiisoma ukadhani ni ya mwezi. Kwa nyumba ya kawaida mwenye nyumba haruhusiwi kukudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele. Dhamana pia ni mwezi mmoja, nayo hutunzwa na taasisi ya serikali ya jimbo la Victoria, haikai mfukoni mwake. Dalali analipwa na mwenye nyumba. Ila uangalie chuo kiko wapi: kikiwa Footscray au katikati ya jiji, treni inakufikisha. Kikiwa mashariki ya Melbourne, nafuu ya kodi utaimalizia barabarani kila siku, lipa zaidi ukae karibu.

Ukiingia utapewa fomu ya hali ya nyumba, na una siku 5 za kazi kuirudisha. Piga picha kuta, zulia, jiko ndani na nje, hata alama ya kiatu nyuma ya mlango, uiandike. Ijaze jioni ile ile, kabla hujakaanga kitu chochote.