Re: Naipakiaje maktaba yangu ya databesi ya grafu?

Waalaykum salaam sheikh. Kwa ulivoeleza, maktaba yako ya databesi ya grafu (inayohifadhi data kama nodi zilounganishwa) umeiandika kwa C++, watu wanaitumia kwa Python, na wenzio wa Wete kila wakitaka kuinstoli lazima waikompaili wenyewe, yaani waigeuze kodi kuwa programu ya mashine. Hapo ndo unapowapoteza wallahi, mtu bando lake dogo na kompaila hana, ataiwacha tu hata ikiwa inapita kwenye nodi kwa kasi namna gani. Watolee faili za .whl, yaani vifurushi vya Python, zilokwisha kompailiwa, zana ya cibuildwheel ukiiweka GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kuendesha kazi zenyewe) inakujengea za Linux, Windows na Mac, na kwa Linux jenga ndani ya manylinux (mazingira ya kujengea faili za kufanya kazi kwenye Linux nyingi) maana ukijenga kwenye Ubuntu mpya basi kwenye mashine yenye glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) ya zamani haitofunguka, halafu zana ya auditwheel izibebe zile .so za nje (maktaba nyengine inazozitegemea) humo humo. Ukubwa uangalie khasa, PyPI, ghala la vifurushi vya Python, kwa kawaida haipokei faili lililozidi MB 100, kwa hivo toa alama za dibagi (taarifa za kutafutia makosa) kwanza. Kodi yenyewe iweke pia kwa wenye mashine ambazo hujazijengea.

Na jengine, muhimu sana hili: namba ya muundo wa data iandike ndani ya databesi yenyewe, ili mtu akipandisha vesheni aambiwe wazi kama data zake za zamani zinataka kuhamishwa, sio programu inakufa tu.