Prado ya 1KZ au Pajero ya 4M40? Usilipe kabla hujashika boneti ikiwa ya baridi

Mkuu hiyo hela usiitoe benki kwanza. Umeulizia Prado yenye injini ya dizeli ya 1KZ na Pajero yenye injini ya dizeli ya 4M40, ipi ina nguvu, ipi inakula kidogo, spea, njia mbovu, halafu mwishoni unasema dalali kakwambia Prado "ishafanyiwa hedi, haina shida" (hedi ni kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu) na Jumamosi unashuka Moshi kulipa. Hayo maneno ya "haina shida" ndo niliuziwa na mimi, yaleyale!

Nguvu nakujibu haraka. 1KZ-TE ni cc 2982, 4M40 ni cc 2835, zote silinda nne na tabo, farasi 125 mpaka 140 hivi kutegemea mwaka. Ukiwa unapandisha Marangu tofauti huioni. 4M40 inatumia cheni ya taimingi (ile inayoendesha valvu kwa wakati wake), 1KZ mkanda, so uliza mkanda ulibadilishwa lini.

Sasa hedi. 1KZ bloku yake, ule mwili wa injini wenye silinda, ni chuma ila hedi ni alumini, ikichemsha kisawasawa hata mara moja hedi inaweza kupinda au kupasuka, na ufa ukishakuwepo gesi ya kwenye silinda inaingia njia ya maji, presha inapanda, maji yanatupwa nje kidogokidogo na wewe unaongeza tu ukidhani rejeta inavuja. Prado yangu hapa Arusha mjini ilikuwa inatembea fresh, Njiro, Sakina, Tengeru, mshale wa temprecha umetulia katikati. Siku ya kupandisha ule mlima wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, familia ndani na mizigo juu, ndo maji yakaisha yote. Kufungua, hedi ilishachomelewa zamani na themosteti (valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) haipo kabisa, waliitoa ili gari isichemshe wakati mteja anajaribu! Na yule dalali alinitazama usoni akasema haijawahi kuchemsha tangu itoke Japani. Hedi nyingine, gasketi, rejeta, ufundi, ilienda karibu robo ya bei niliyonunulia. Hasira yangu haijaisha mpaka leo sababu alijua, na watu wanapakia watoto kwenye hizo gari.

Na nyie mafundi mnaotoa themosteti eti huku kwetu joto haihitajiki, acheni. Injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta, na ugonjwa wenyewe mnauficha tu.

Kwa hiyo chalii yangu, iwe Prado iwe Pajero (4M40 nayo hedi yake haipendi joto hata kidogo), fanya hivi. Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Fungua kepu ya rejeta injini ikiwa baridi, angalia kama maji yana mafuta au yana unga wa kuzibia matundu. Funga, washa, shika hozi ya juu, ikiwa ngumu ndani ya dakika chache na maji bado ya baridi, hiyo hedi au gasketi yake imekufa. Ikipita hapo, ipakie watu, pandisha nayo Marangu, ukirudi zima, subiri ipoe kabisa ndo ufungue tena uone maji yamepungua kiasi gani.

Ukifika ukakuta boneti ni ya moto na anakwambia alikuwa anaiosha tu, panda basi urudi Arusha.