Ukitoka gerezani, anza na mjumbe wako

Watu wakiniuliza ofisi ya kusaidia waliotoka jela iko wapi hapa Moshi, nawaambia wasipoteze nauli kuitafuta. Mlango wenye kibao hicho mimi sijauona. Msaada upo, ila umetawanyika kwenye ofisi zilezile anazoingia kila mwananchi. Ukizunguka mjini ukisema "nimetoka jela, nisaidieni", utapewa pole na pengine hela ya chai. Ukienda na shida moja yenye jina lake, unahudumiwa.

Nilifungwa kwa kosa gani, hiyo si mada ya leo. Nilitumikia, nikapunguziwa theluthi kwa mwenendo mzuri, nikarudi Pasua kwa mama.

Kazi isubiri kidogo. Najua wengi mnatoka mkiwaza kazi tu, lakini karibu kila karatasi utakayodaiwa inaanzia kwenye barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa anataka kwanza mjumbe wa eneo lenu aseme anakufahamu. Usiende peke yako. Mimi nilikwenda na mama mdogo, kwa sababu hakuna msiba wala kikao cha mtaa anachokosa. Njiani nilikuwa napanga maelezo marefu ya kujitetea. Mwenyekiti, mama wa makamo, akaniwahi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si wa pale kwa fundi cherehani? Umetoka lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Haya. Barua ni ya kupeleka wapi, niandike?"

Basi, yakaishia hapo. Akagonga muhuri, akamuuliza mama mdogo habari za kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wewe unadhani mtaa mzima unakungoja kukuhoji, kumbe walishajua siku ileile uliyoshuka kwenye kifodi.

Ile karatasi ya kuachiwa unayopewa getini itolee kopi kadhaa, halisi iweke kwenye nailoni nyumbani. Ndiyo itakayokusemea siku mtu akikushuku umetoroka. Kama umetoka kwa parole au unamalizia adhabu kwa huduma kwa jamii, una afisa wa kuripoti kwake. Mtumie. Usimwone kama askari wa kukuvizia. Yeye ofisi zote hizi anazijua kwa ndani.

Baada ya barua, kitambulisho cha taifa (NIDA) na laini ya simu. Aliyeingia kabla ya 2020 huenda akakuta laini yake imekufa, kwa sababu Januari mwaka ule zilianza kuzimwa zile ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole. Na bila laini huna M-Pesa, wakati siku hizi hata kibarua wa kushusha mizigo analipwa kwa simu. Kama ulishajiandikisha NIDA zamani, usijiandikishe upya. Nenda ofisi ya wilaya wakutafutie namba yako ileile. Mimi mashine ilinikatalia. Vidole vilikuwa vimelika kwa uzi na gundi ya kushona viatu gerezani, yule kijana wa laini chini ya mwavuli akajaribu dole gumba, cha shahada, akafuta kioo kwa shati lake, bado. Akaniambia nipumzishe mikono, niwe napaka mafuta usiku, nirudi. Kidole cha pete cha kushoto ndicho kilichokubali. Kwa hiyo wapasua mawe na wakulima wa gerezani, msikate tamaa kwa kidole kimoja.

Dawa. Hapa sina utani. Kama ulikuwa unatumia za kifua kikuu au ARV ndani, omba barua ya uhamisho kabla ya siku ya kutoka, na kliniki iwe miongoni mwa sehemu za kwanza unazofika: hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa wanaotoka gereza la Kisongo, Arusha. Hata ukitoka bila barua, nenda. Dawa hizo ni bure, na kukatisha dozi ya kifua kikuu kunaweza kukuletea kifua kikuu sugu, wewe pamoja na wanaolala chumba kimoja na wewe.

Nyumbani je? Kwetu Uchaggani mtu anaweza kurudi akakuta kihamba, shamba lake la urithi wa ukoo, kimeshapandwa migomba ya kaka yake. Usiende na panga, wala usiende na matusi, maana ukigusa mtu wewe ndiye utakayerudi ndani. Ukoo ukishindwa, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu. Wa kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muulize mtendaji wa kata wasaidizi wa kisheria wako wapi, kwani chini ya sheria ya mwaka 2017 msaada huo ni bure kwa asiye na uwezo. Akina mama, shirika la KWIECO la kusaidia wanawake liko hapa Moshi na hizi kesi za mirathi na ndoa ndizo kazi yake. Mambo ya watoto na mwenzi aliyeondoka peleka ustawi wa jamii, halmashauri.

Kuhusu riziki, mimi nilijifunza kutengeneza viatu ndani, gereza la Karanga. Ufundi bila karatasi wengi hawauamini, nikaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuuliza utaratibu wao wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa: unapimwa kwa mikono yako, ukifaulu unapewa cheti. Kazi zinazodai cheti cha tabia njema cha polisi ziache kwanza, zitakuvunja moyo. Mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, haina riba, ila inatolewa zaidi kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, na kikundi gani kitakuingiza kabla hakijakuona ukiweka hisa? Ingia kikoba kidogo kwanza. Mimi mwaka wa kwanza sikugusa mkopo wowote, na fundi mmoja wa Mbuyuni alinipa kona ya meza yake kwa sharti la kufagia.

Wenye ndugu ndani: siku ya kumtembelea muulizeni namba yake ya NIDA, anatumia dawa gani, na amejifunza ufundi gani. Andikeni. Kisha mtu mmoja wa nyumbani aende kwa mjumbe, aseme kijana wetu anatoka mwezi fulani.